Upatu wa Tak Mallyeo

Tak Mallyeo, binti wa Tak Sangdol aliyebeba mawe mgongoni majira ya baridi matatu mpaka kijiji chetu cha Neulpo kikapata gati. Mjukuu wa bibi aliyeingia topeni na kamba kiunoni akamtoa ndama wa jirani, fungu lile la tope baharini likaitwa Fungu la Ndama mpaka leo. Mjane wa Ok Jaeman, ambaye bahari ilimchukua na kumrudisha bila viatu. Mama wa Giho. Mpiga upatu wa wanawake wa tope, sisi tunaochimba chaza na makombe maji yakitoka, kwa miaka thelathini na zaidi, na katika miaka hiyo yote, ukitoa siku moja, hakuna mwanamke aliyekufa maji chini ya mlio wake. Hayo ni matendo yake na ya ukoo wake. Nimeyatanguliza kwa sababu yanayofuata hayapendezi, na asije mtu akasema nilianza na ubaya.

Jina lake maana yake ni msichana wa mwisho. Baba yake alikwisha kuchoka na mabinti, akampa huyu jina hilo ili wasije wengine. Wakaja wengine wawili. Mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi nilitumwa kufunga mlango, na mlango ukavunjika."

Upatu wenyewe ulikuwa wa shaba, umebonyea upande mmoja, ukining'inia kwenye nguzo ya chuma mwisho wa gati. Mallyeo akipiga mara ya kwanza, tunaingia topeni. Akipiga mara ya pili, tunatoka, hata kama kapu ni tupu, hata kama umemwona pweza anachungulia shimoni. Kijiti cha kupigia alikichomeka kiunoni na hakuna mkono mwingine uliokigusa. Ndivyo walivyokubaliana mama wakwe zetu: mkono mmoja tu, maana wakipiga wawili watu watabishana, na maji hayangoji mabishano.

Saa hakuwa nayo. Alihesabu mwezi. Kwetu kila siku ya mwezi ina maji yake, ya kwanza, ya pili, yanaongezeka nguvu mpaka bamvua, kisha yanapungua mpaka maji mafu, siku ambazo bahari hujivuta kidogo na kurudi kidogo, kama mgonjwa anayejigeuza kitandani. Mtoto wa Neulpo hujifunza hesabu hiyo kabla hajajua kufunga viatu. Mimi nilimaliza darasa la sita, na katika rika langu tuliomaliza tulikuwa wawili, lakini kwa hesabu ya maji nilikuwa namuuliza Mallyeo ambaye hata jina lake alilichora kama anachora uzio.

Alikuwa mkali, na sisemi mkali wa kusifiwa. Siku moja mke wa seremala alichelewa kutoka, akaja na kapu limejaa. Mallyeo alilimwaga lote majini mbele yetu.

"Watoto wangu watakula nini?" mke wa seremala akauliza.

"Wale adabu. Mama yao hana, labda wao watapata."

Hakuna aliyemtetea. Tulijua kapu lile limetufundisha sote kuwahi. Na Jaeman alipozama, tukamzika, Mallyeo alikuwa gatini kabla chakula cha matanga hakijaisha. Tulimwambia apumzike. "Mwezi umepumzika?" akauliza.

Mtu mmoja tu alikuwa akimtania, naye ni Seobun. Waliolewa Neulpo mwaka mmoja. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, mimi Mama Dongil, yeye Mama Giho. Seobun hakuzaa, akabaki Seobun mpaka mvi, hata watoto wa juzi wakimwita hivyo kama mwenzao. Mallyeo alimwita shoga.

"Shoga, ulivyokonda hivyo hata tope halikutaki."

"Likinitaka nitakualika harusini," Seobun humjibu.

Giho, mwana wa Mallyeo, alikuwa dereva wa lori. Alifika miaka arobaini bila mke, kwa sababu wasichana wetu hawakutaki ukiwa na mama wa namna ile. Mwishowe alioa Vietnam, binti wa nchi ya mito, anaitwa Lua. Alikuja na sanduku dogo na sauti ndogo. Wiki hiyohiyo mama mkwe akamvalisha buti, akamfundisha kupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma tope kwa mguu wa pili.

"Anaushika ubao kama anaosha mtoto," Mallyeo akatangaza, sote tusikie.

"Kwetu mto unapanda na kushuka na bahari, Mama," Lua akasema. "Maji nayajua."

"Unayajua maji ya mbu."

Kila asubuhi, kabla ya kula, alimuuliza: leo maji ya ngapi? Fungu gani linaonekana? Lipi halionekani? Lua akikosea, wali wake ulirudi chunguni. Nilikuwa jirani, ukuta mmoja kati yetu, nilisikia mwiko ukigonga chungu. Kabla mwaka haujaisha Lua alikuwa hakosei.

Kisha ukaja ukuta mwingine, ule wa baharini.

Vijana wa kampuni ya umeme walituita shuleni wakatuonyesha picha. Ukuta utafunga mdomo wa ghuba yetu, chini yake yatawekwa mapangaboi makubwa, maji yakiingia yatayazungusha, na mji utapata umeme usio na moshi. Ni kweli, hauna moshi. Mimi napikia wali kwa umeme huo, siwezi kuusingizia.

Ambayo hawakuyachora ni haya. Maji yalianza kuingia kwa kuchelewa, yakapanda kidogo, yakakaa. Upande wa juu tope lilikauka, likapasuka, likatoa chumvi nyeupe kama ukurutu. Upande wa chini mafungu tuliyoyachimba tangu enzi za bibi zetu hayakutoka tena nje, yakalala chini ya maji ya kijani. Uchafu uliokuwa ukichukuliwa na mkondo kwenda bahari kuu sasa ulishuka na kutulia palepale. Juu kijivu, lakini ukitia mkono unatoka mweusi, unanuka yai bovu. Makombe yalijitoa yenyewe ardhini, yakafunua midomo, yakafa. Ndege wa midomo mirefu wanaopita kwetu kila masika wakielekea kaskazini walitua kama kawaida, wakachoma tope hapa na pale, wakasimama wakitazamana. Wengi walikosa nguvu ya kuruka tena. Mbwa wakawamaliza. Na vijana wetu waliopata kibarua cha kusafisha vyuma vya mbele ya mapangaboi walirudi nyumbani hawataki samaki mezani, kwa jinsi walivyowaona huko, vipandevipande, na mayai yao tumboni.

Ukutani wakajenga pia nyumba ya vioo ya wageni. Ndani wamegandisha makombe ya ghuba yetu, yamepakwa rangi yang'ae. Na juu ya mnara wakaweka king'ora. Amri ilikuwa moja: king'ora kikilia, maji yanaingia, mwezi useme usemavyo.

Hapo kukawa na sauti mbili. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Pyo, akaita mkutano wa wanawake wa tope.

"Mama Giho," akasema, "upatu unasema kaeni, king'ora kinasema tokeni. Watu wamsikilize nani?"

"Yule aliyewahi kuwatoa wazima."

"Bahari siku hizi ina funguo, mama. Na funguo ziko ukutani."

"Basi mwambie mwenye funguo aje achimbe."

Wanawake wakacheka, Seobun kuliko wote. Pyo akangoja kicheko kiishe.

"Wameomba ule upatu wauweke kwenye nyumba ya vioo. Nafasi yake ipo, wameiwekea na taa."

"Waniweke na mimi," Mallyeo akasema. "Lakini wanikaushe kwanza, nisije nikawanukia wageni."

Tukakubaliana hivi: mwezi ule umalizike na sauti zote mbili, kisha wanawake tuchague moja, na ile nyingine inyamaze moja kwa moja. Mallyeo alitoka mkutanoni mgongo umenyooka. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua: akikifuata king'ora hata mara moja tu mbele ya watu, upatu umekwenda kwenye vioo.

Ilikuwa siku ya maji mafu. Tulifika gatini asubuhi na barafu nyembamba bado ipo kwenye kamba, tukaona Fungu la Ndama liko nje. Lote. Limelala linang'aa kama mgongo wa mnyama. Hatukuwa tumeliona tangu ukuta ufungwe. Seobun akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Limerudi," Mallyeo akasema, akauchomoa ule mti wa kupigia kiunoni.

Lua ndiye aliyesema, polepole, kwa lafudhi yake ile ya kuimba. "Mama, leo ni maji mafu."

"Sihitaji kuambiwa."

"Siku ya maji mafu Fungu la Ndama halionekani. Wewe ulinifundisha. Wali wangu ulirudi chunguni kwa swali hilo."

Mallyeo alitazama fungu. Alimtazama mkamwana. Kwa hesabu yake mwenyewe fungu lile halikuwa na haki ya kuwa pale. Alilijua hilo kuliko sote. Kisha uso ukafunga.

"Maji mafu hayajawahi kumkimbiza mtu. Chukua ubao."

"Mama, mtu amelitoa lile, na mtu atalirudisha."

"Chukua ubao, ama nimwambie Giho akurudishe kwa mbu wako."

Lua akachukua ubao. Mallyeo akapiga. Mlio ulikwenda mbali juu ya tope, mzuri, siwezi kuukana. Wengi wetu hatukwenda mbali na gati. Waliokwenda mpaka Fungu la Ndama walikuwa wachache, Seobun mbele, na Lua nyuma yao. Mimi nyonga zilikwisha kunikataa, nilibaki gatini karibu na Mallyeo, nachambua makombe.

Ya kule fungu alinisimulia Lua baadaye. Makombe yalikuwa tele, kila mkono unaposhika. Wakafurahi. Kisha wakaona ni mazito mno. Wakayafungua: yamejaa tope jeusi, yamekufa yamefumba, kama watu waliofia usingizini. Wengine wakatupa visu vyao. Seobun hakukubali.

"Haya ya juu yamekufa," akasema. "Yaliyo hai yako chini. Bahari haianiki vizuri vyake."

Akasogea mpaka ukingo wa fungu, pale ambapo zamani palikuwa pagumu, ungeweza kucheza ngoma. Sasa palikuwa na lile tope jipya.

King'ora kikalia.

Wanawake wote waliinua vichwa. Hakuna aliyetazama mnara. Wote waligeuka kutazama gati, kumtazama Mallyeo, kama ndama wanavyomtazama mwenye ndoo. Yeye alikuwa amesimama, mti mkononi, mkono umening'inia ubavuni.

"Piga, Mama Giho," nikamwambia.

"Wakati wake bado."

"Hukisikii?"

"Mimi si kiziwi. Nikipiga sasa nimepiga kwa amri yake. Kuanzia kesho mimi ni mwangwi wa kile kipaza sauti."

"Watu wako nje."

"Watu wako kwenye maji mafu."

King'ora kikanyamaza, kikaanza tena. Kule mbali mtu mmoja akageuza ubao na kuanza kusukuma kuja nyumbani. Alikuwa Lua. Wenzake wakamcheka, sauti zao tulizisikia. Mallyeo naye akapaza yake: "Mkamwana wa nani huyo anayekimbia kama kuku?" Waliokuwa karibu na gati wakacheka kwa adabu, wakaendelea kuchimba.

Kisha nikaona mstari wa kahawia. Haukutoka mbele, ulikotoka siku zote. Ulitoka nyuma ya fungu, kwenye mkondo ulio kati yao na sisi, unajaza njia ya kurudi kabla ya kugusa fungu lenyewe. Mallyeo aliuona wakati uleule. Akapiga. Alipiga mpaka kamba moja ya upatu ikakatika, ukawa unaning'inia upande, naye bado anapiga.

Wakatii, masikini. Walitupa makapu wakaja wakisukuma mbao, wengine maji yakiwa kifuani, tukawavuta kwa kamba na kwa nywele. Lua alikuwa amekwisha kuvuka. Alihesabu waliokuja, akageuza ubao, akarudi.

Seobun alikuwa amezama mpaka mapajani. Lua aliulaza ubao, akamshika makwapa, akavuta. Buti hazikuachia. Alichimba kwa mikono, tope likarudi kila alipolitoa.

"Upatu umepigwa?" Seobun akamuuliza.

"Umepigwa, shangazi."

"Basi sijachelewa."

Maji yakawafika. Kutoka gatini tuliona vichwa viwili na ubao. Tuliona kwa muda mrefu. Mallyeo alikuwa bado anapiga, shaba imekwisha kupasuka, inatoa sauti ya sufuria. Kisha tukaona ubao na kichwa kimoja.

Watu wa kijiji hupenda kusema Seobun alimwachia mwenzake ili apone. Lua haikubali hadithi hiyo. "Hakuniachia," huwa anasema. "Alinishika mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyevifungua vidole vyake."

Mtu wa kampuni alikuja, kofia mkononi. Akaeleza kwamba walikuwa wameyashusha maji ya ndani ili wakague ukuta, kisha wakafungua milango yote kwa pamoja ili maji mapya yaoshe yaliyooza, maana sisi wenyewe tulikuwa tumelalamika harufu. Walichagua siku ya maji mafu kwa sababu siku hiyo mapangaboi hayana cha kupoteza. "Tulipiga king'ora," akasema. Alikuwa anasema kweli, ndiyo maana hakuna aliyepata pa kumshika.

Mwili wa Seobun ulipatikana kwenye vyuma vya ukuta, pamoja na samaki.

Mazikoni hakuna aliyemlaumu Mallyeo kwa mdomo. Alipokea watu, akabeba vimeza vya supu, na kila mwanamke alichukua bakuli bila kuinua macho. Mke wa seremala pekee ndiye aliyemtazama. Akaionja supu, akairudisha mezani.

"Imepoa," akasema. "Imechelewa kuletwa."

Mallyeo akalichukua bakuli, akaenda kuipasha supu.

Aliyekufa maji kwetu hazikwi akaisha. Lazima roho yake itolewe kule ilikobaki. Mganga alikuja, mama mnene kutoka ng'ambo ya kilima, akafunga bakuli la mchele kwa kitambaa cheupe kirefu, akalishusha majini pembeni mwa gati, akamwita Seobun kwa jina. Bakuli likipanda na unywele, roho imetoka. Lilipanda na tope jeusi. Akalishusha tena. Tope. Akabadilisha mchele, akaita mpaka sauti ikakauka. Tope.

"Hataki kutoka," mganga akasema.

"Anataka," Mallyeo akajibu. "Anangoja upatu. Maisha yake yote hajatoka bila upatu."

Upatu ulikuwa pale kwenye nguzo, umepasuka, umefungwa kwa waya. Mallyeo aliushika mti kiunoni na asiweze kuuchomoa. Sote tulikuwa pale, na sote tulitazama pembeni, maana mti ule haushikwi na mkono mwingine.

Lua alimwendea mama mkwe wake, akauchomoa mti kiunoni mwake, akapiga. Sauti ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, lakini ilikwenda. Mganga akavuta kitambaa. Juu ya mchele palikuwa na kitu chembamba. Kama ulikuwa unywele au uzi wa mwani, mimi siapi. Mganga alisema unywele, na wanawake wakaanza kulia, kilio walichokizuia tangu mazikoni.

Lua akamnyooshea Mallyeo mti wake. Mallyeo hakuupokea.

"Kaa nao."

"Siutaki, Mama."

"Sijakuuliza kama unautaka. Mama mkwe wangu aliponipa hakuniuliza."

"Makombe yamekwisha. Nimpigie nani?"

"Hawa hapa." Akatuonyesha kwa kidevu, vikongwe na wajane, tumesimama na mafua yetu. "Unadhani wataacha kuingia? Watachimba mpaka magamba. Na kwa kile kipaza sauti hawatatoka, nimewafundisha mimi mwenyewe wasitoke. Wanatoka kwa shaba. Kwa hiyo king'ora kikilia, piga. Usihesabu mwezi. Usitazame maji. Usinitazame mimi."

"Na ukisema wakati wake bado?"

"Nipige nao mdomoni."

Lua alisimama, mti mkononi, upepo ukimchapa na kitambaa kile cheupe kilichokuwa kinalowa miguuni pake.

"Nipige mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka atoke wa mwisho," Mallyeo akasema. "Usiridhike na wengi. Mhesabu wa mwisho, mguse kwa mkono wako, ndipo ushuke gatini."